Ng'oa Yote au Okoa Yaliyobaki? Uamuzi wa Meno Ukiwa Bado Kijana

"Daktari, ng'oa yote uniwekee ya bandia, niachane na mateso haya." Maneno haya tunayasikia kutoka kwa watu wa miaka 22, 25, 30. Mara nyingi anayeyasema amefunika mdomo kwa kiganja. Amekaa na maumivu kwa miezi, pengine miaka. Amezoea kutafunia upande mmoja, kucheka midomo imefumbwa na kukwepa kupigwa picha. Magego mawili matatu yameshang'olewa, na sasa meno ya mbele yameanza kuoza usawa wa fizi. Kwake meno bandia ni mlango wa kutokea. Naielewa hamu hiyo na simlaumu mtu kwa kuwa nayo, ila ni wajibu wangu kumwambia kilichopo nje ya mlango huo kabla hajautoka, kwa sababu ukishatoka hakuna kurudi.

Tuanze na mfupa, maana ndiko hesabu yote iliko. Mzizi wa jino umefungwa kwenye taya kwa nyuzi ndogo mno, na kila unapotafuna nyuzi hizo huuvuta mfupa kidogo. Mfupa unaolizunguka jino unaishi kwa kuvutwa huko. Jino likitoka, nao huanza kusinyaa. Katika miezi 12 ya kwanza ukingo wa taya mahali palipong'olewa unaweza kupoteza karibu nusu ya upana wake, na sehemu kubwa ya upotevu huo hutokea katika miezi 3 ya mwanzo. Baadaye kasi hupungua, lakini haikomi. Taya la chini ndilo huumia zaidi: watu wasio na meno kabisa walipofuatiliwa kwa miaka 25, lilionekana kupungua kimo takriban mara 4 zaidi ya taya la juu.

Seti nzima ya meno bandia hukaa juu ya ukingo huohuo unaosinyaa. Ndiyo maana seti iliyotulia vizuri mwanzoni huanza kucheza baada ya muda, ikachubua fizi, ikahitaji kuongezewa plastiki kwa ndani ili ishike tena, na hatimaye kubadilishwa. Kwa kawaida seti hudumu miaka 5 hadi 10. Mzee wa miaka 75 anayeanza kuvaa leo huenda akahitaji moja au mbili tu maishani. Kijana wa miaka 25 ana nusu karne mbele yake. Atapitia seti 5, 6 au zaidi, na kila mpya italala juu ya mfupa mdogo kuliko iliyotangulia. Akifika miaka 50, taya lake la chini linaweza kuwa limekuwa bapa kiasi kwamba kupata seti inayotulia ni shida kubwa.

Kuna jambo jingine ambalo watu huligundua wakiwa wameshachelewa. Nguvu ya kuuma kwa seti nzima ni kama robo tu ya nguvu ya meno ya asili, na wakati mwingine haifiki hapo. Na zile nyuzi za kwenye mzizi ndizo zinazokufanya uhisi hata unywele mmoja ukiwa katikati ya meno. Seti ya bandia haihisi kitu. Kinachohisi ni fizi iliyo chini yake, nayo fizi haikuumbwa kubeba mzigo wa kutafuna.

Zamani tiba yenyewe ilipenda njia hii ya mkato. Mwanzoni mwa karne ya 20 madaktari wengi wa Ulaya na Marekani waliamini kwamba meno mabovu ndiyo chanzo cha maradhi chungu nzima mwilini, na meno mengi ambayo yangeweza kutibika yaling'olewa. Mwaka 1968, asilimia 37 ya watu wazima wa Uingereza na Wales hawakuwa na hata jino moja la asili. Uchunguzi wa mwaka 2009 ulikuta ni asilimia 6. Dawa ya meno yenye floraidi ilichangia sana, lakini pia madaktari na wagonjwa walibadili mtazamo wao kuhusu jino bovu. Huko Japani, tangu mwaka 1989, kuna kampeni iitwayo 8020: mtu akifika miaka 80 awe bado na meno yake 20.

Kwa nini 20, wakati mtu mzima ana meno 32, au 28 bila magego ya mwisho? Mwaka 1981 Arnd Käyser, mtaalamu wa meno wa Uholanzi, alieleza kwamba mtu mwenye meno ya mbele na magego madogo yaliyokutana vizuri juu na chini, ambayo jumla yake ni 20, anaweza kutafuna na kuishi vyema hata kama magego makubwa ya nyuma hayapo. Napenda vijana walijue hili, kwa sababu wengi huja wakidhani kwamba wakishapoteza magego manne hesabu imekwisha. Haijaisha. Wengine katika hali hiyo hawahitaji hata kipande cha meno bandia. Wanachohitaji ni kuyatunza kwa dhati yale yaliyobaki.

Sasa, jino lipi laweza kuokolewa? Macho hudanganya. Nimeona jino jeusi lililovunjika hadi karibu na fizi, ambalo picha ya eksirei ilionyesha mzizi mzima uliokaa kwenye mfupa mzuri. Nimeona pia jino jeupe, zuri kulitazama, lisilo na mfupa wa kulishika. Tunaangalia mambo matatu: mzizi uko mzima, mfupa unaoushika umebaki kiasi gani, na je, juu ya fizi kuna sehemu ngumu ya kutosha kushikilia taji, yaani kofia ngumu ya kulifunika jino? Maumivu pekee hayasemi lolote kuhusu hayo. Hata kutulia kwa maumivu si habari njema daima. Jino lililokukesha usiku kucha kisha likanyamaza lenyewe, mara nyingi kiini chake, ile nyama laini yenye neva iliyo ndani, kimekufa na maambukizi yanaelekea kwenye mfupa.

Jino la namna hiyo bado linaweza kutibiwa mzizi. Daktari hupiga ganzi, hufungua jino, hutoa kiini kilichooza, husafisha mifereji ya ndani na kuijaza. Gego lililotibiwa hivyo linapaswa kuvishwa taji, kwani kuta zake zimedhoofika na likiachwa wazi hupasuka. Kazi ikifanywa vizuri na jino likafunikwa, zaidi ya 9 kati ya 10 huwa bado yapo mdomoni baada ya miaka kadhaa. Na kwa kijana, hata jino litakalodumu miaka 10 tu lina thamani: ni miaka 10 ambayo mfupa wake haukusinyaa.

Meno yanayolegea kwa ugonjwa wa fizi nayo hukatiwa tamaa mapema mno. Ugaga ukiondolewa, hadi ule uliojificha chini ya fizi, na mtu akasafisha meno ipasavyo kila siku, fizi hukaza na baadhi ya meno hutulia kabisa.

Yapo ya kung'olewa, na sitaki kumpa mtu matumaini hewa. Mzizi uliopasuka kwa urefu hautibiki. Jino lililooza hadi ndani kabisa chini ya fizi, au lililopoteza karibu mfupa wote hadi linabonyea ukiligusa, ni la kutoa. Anayetarajia kupigwa mionzi ya saratani ya kichwa au shingo hushauriwa meno yasiyotibika yatolewe kabla, kwa sababu kidonda cha kung'oa baada ya mionzi kinaweza kukataa kupona. Na aliyekwisha kuvaa meno bandia akiwa kijana hana la kuonea aibu. Ayatoe usiku, ayasafishe kwa brashi, arudi kukaguliwa, maana kulala nayo hualika fangasi kwenye kaakaa.

Hata inapobidi kuvaa seti, si lazima kila mzizi utoke. Chonge mbili za taya la chini zinaweza kutibiwa mizizi, zikakatwa usawa wa fizi, kisha meno bandia yakakaa juu yake. Utafiti wa mwaka 1978 uliwafuatilia wagonjwa kwa miaka 5: waliobakiziwa chonge walipoteza wastani wa milimita 0.6 za kimo cha mfupa wa mbele wa taya la chini. Waliong'olewa yote walipoteza milimita 5.2. Mizizi miwili tu ilileta tofauti hiyo.

Vipandikizi vya titani, yaani mizizi bandia ya chuma inayopachikwa ndani ya mfupa wa taya, ambavyo Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi alianza kumwekea mgonjwa mwaka 1965, ni msaada mkubwa kwa jino lililokwisha kupotea. Lakini visikufanye ung'oe jino linalotibika. Kipandikizi nacho hushambuliwa na ugonjwa unaofanana na wa fizi, hasa kwa mvutaji wa sigara, na hakiwekwi kabla taya halijamaliza kukua.

Kabla ya taji lolote, tutafute kilichoyaharibu meno yote hayo katika umri mdogo. Huenda ni vinywaji vyenye sukari vinavyonywewa kidogo kidogo kutwa nzima, tindikali ya tumbo inayopanda au kutapika mara kwa mara, dawa zinazokausha mate, au hofu ya daktari iliyoanza utotoni. Sema wazi. Chanzo kisipoguswa, meno bandia ya kujaza mapengo machache tu yatakuja kuegemea meno ambayo nayo yanaoza. Piga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi sehemu 1,000 hadi 1,500 kwa milioni, tema povu, usisukutue kwa maji. Ukitapika, sukutua kwa maji na usubiri nusu saa kabla ya kupiga mswaki.

Siku ya maumivu makali iwe ya kuondoa maumivu na maambukizi tu. Uso ukivimba, ukapata homa, au ukashindwa kumeza au kufungua mdomo, nenda hospitali siku hiyohiyo. Uamuzi wa kung'oa yote ungoje siku ambayo umelala vizuri. Siku hiyo omba uonyeshwe picha ya eksirei, mpitie jino moja baada ya jingine, na kwa kila moja upate jibu: linaokolewa, halitibiki, au labda. Kwa vijana tunaowapokea, ya "labda" huwa mengi. Hayo tunayasafisha, tunayaziba kwa muda, tunapeana miezi 3, kisha tunayapima upya na kukaa tena kuyazungumza.