Kihusishi ni nini, na kwa nini "kwenye" inatuponza tukiingia kwenye Kingereza

Nafundisha tuisheni ya jioni huku Igoma, Mwanza, watoto wa kidato cha kwanza mpaka cha tatu, na swali naloulizwa kuliko yote ni hili: ticha, "kwenye" kwa Kingereza ni nini? Zamani nilikuwa najibu fasta, "in", halafu wiki inayofuata naletewa daftari limeandikwa the cup is in the table, we met in the bus stop, I was born in Monday. Mtoto hapo hajakosea kitu, kafanya vilevile nilivyomwambia. Jibu ndo lilikuwa bovu, kwa sababu "kwenye" haina mwenzake mmoja kwa Kingereza, ina watatu wanne, na kila mmoja ana kazi yake.

Tuanzie mwanzo. Kihusishi ni neno, mara nyingi dogo sana, linaloonyesha kitu kimoja kina uhusiano gani na kingine, yaani kiko wapi, ni saa ngapi, kinaelekea wapi, kimefanyika kwa kutumia nini, kwa ajili ya nani. Chukua ziwa letu hili hili. The boat is on the lake, mtumbwi unaelea juu ya maji. The fish is in the lake, samaki yuko ndani ya maji. The hotel is by the lake, iko kando. The plane is over the lake, inapita angani. Ziwa ni lilelile, hakuna kilichohama, ila umebadilisha neno moja la herufi mbili au nne na picha nzima imegeuka. Au daraja la Kigongo–Busisi lililozinduliwa Juni 2025, lile linakatiza ghuba toka ng'ambo hii mpaka ile, kwa hiyo the bridge goes across the gulf, na maji yanapita under the bridge. Ukisema the bridge is in the gulf msomaji anapata picha ya daraja lililozama.

Sasa mbona Kiswahili hatusumbuki hivyo? Sio kwamba hatuna mambo haya, tunayo, ila yamejificha sehemu nyingine. Sehemu ya kwanza ni mwisho wa neno, ile -ni. Nyumbani, sokoni, ziwani, mezani. Hapa Mwanza mpaka majina ya mitaa yametengenezwa hivyo, Mwaloni pale Kirumba ni mwalo ukaongezewa -ni, pale mitumbwi inapotia nanga, na Mabatini ni mabati na -ni yake. Hiyo -ni haikwambii ni ndani, juu au pembeni, inakwambia tu "mahali", mengine unamalizia kwa akili. Mezani unajua ni juu, ndooni unajua ni ndani, stendi hata -ni hatuweki, tunasema tu yuko stendi na mtu anaelewa.

Lakini angalia vizuri, Kiswahili kinajua tofauti, kinaiweka kwenye kitenzi. Nyumbani mna wageni, nyumbani pana wageni, nyumbani kuna wageni. Ya kwanza ni ndani kabisa, wamekaa humo. Ya pili ni mahali hasa, hapo hapo unapoweza kunyooshea kidole. Ya tatu ni eneo kwa ujumla, huko. Na Kisukuma nacho kina mu na ku zake, tena zinakaa mbele ya neno sio mwisho, kwa hiyo mtoto aliyelelewa na bibi kijijini huko Kwimba au Magu ana faida ambayo hajaambiwa. Mimi siku hizi mwanafunzi akiniuliza "kwenye" namrudishia swali: je ungesema humo, au hapo? Akisema humo, mara nyingi ni in. Akisema hapo, mara nyingi ni at.

In ni kitu kuzungukwa, kuwa na kuta au mipaka, hata kama kuta huzioni. In the bucket, in the room, in Mwanza, in Tanzania. At ni nukta, kama doa kwenye ramani, hujali kuna ndani au nje, unajali tu ni pale. At the bus stop, at the door, at the market. Ndo maana sehemu moja inaweza kubeba zote mbili: I'm at the bank maana yake nimefika pale kwa shughuli zangu, hata kama niko kwenye foleni nje, ila I'm in the bank maana yake nimeshaingia, nipo chini ya bati lao.

On ndio inayochanganya, kwa sababu tumefundishwa ni "juu ya", na hiyo ni nusu ya ukweli. On ni kugusa. Kitu kimegusa uso wa kitu kingine, kimeshikiliwa nao, haijalishi ni juu, ubavuni au hata kwa chini. Picha ukutani ni on the wall. Nzi aliyejibandika darini kichwa chini miguu juu ni on the ceiling. Ndege ya abiria iliyo "juu ya ziwa" haigusi kitu, kwa hiyo haiwezi kuwa on, ni over au above. Na tena "juu ya" yetu ina maana nyingine kabisa, alizungumza juu ya uvuvi haramu, hapo ni about, mtu hajapanda juu ya chochote.

On inatumika pia kwa mstari, kitu kilicho kwenye mstari au kinachogusa mstari. Ndo maana Mwanza is on Lake Victoria, mji umegusa ufukwe, na duka lako liko on Kenyatta Road. Ukerewe ikiwa ni kisiwa unasema on the island, ardhi ya juu ya maji, ila ukiongelea wilaya, yenye mipaka ya kiserikali, inakuwa in Ukerewe District. Watu walewale, vijiji vilevile, umebadilisha tu unavyopaona.

Vyombo vya usafiri navyo. In the car, in the taxi, lakini on the bus, on the ferry, on the plane, on the train. Watoto wanalalamika kwamba haina kanuni, ila ipo, haikamati kila kitu lakini inasaidia sana: kama chombo unaweza kusimama ukatembea ndani yake, on, kama unaingia umejikunja unakaa moja kwa moja, in. Kwa hiyo kivuko cha kwenda Kamanga, on. Meli ya Nansio, on. Bajaji, in. Bodaboda umeikalia kwa juu, basi ni on, na baiskeli vilevile.

Kwenye muda wanarudi haohao watatu. At kwa nukta ya saa, at six, at noon. On kwa siku, on Monday, on my birthday. In kwa kitu kirefu chenye kubeba siku ndani yake, in May, in 1996. MV Bukoba ilizama on 21 May 1996, kwa sababu umetaja siku, ila ukitaja mwaka peke yake inakuwa in 1996. Asubuhi ni in the morning, jioni in the evening, ila usiku unageuka, at night, wavuvi wa dagaa wanafanya kazi at night na taa zao, hii ishike tu hivyohivyo. Na ukisema asubuhi ya siku fulani, siku inashinda, on Monday morning. Kingine, ukishaweka last, next, this au every, kihusishi kinatoka kabisa. I saw him last Monday. On last Monday naiona kwenye karibu kila daftari.

Haya, tuje kwa "kwa". Hili neno letu ni mtumishi wa wote. Kwa basi ni by bus. Kwa miguu ni on foot. Kwa kisu ni with a knife. Kwa Kiswahili ni in Swahili. Kwa bibi ni at my grandmother's. Kwa wiki mbili ni for two weeks. Nimemuuza sato kwa elfu nane, for eight thousand. Kwa bahati mbaya haina kihusishi hata kimoja, ni unfortunately basi. Mtu akikwambia kwa ni "for", amekupa senti kumi ya shilingi. Hapo dawa ni kujiuliza kwa hiyo inafanya kazi gani: ni chombo cha usafiri, ni kifaa mkononi, ni muda, ni bei, ni nyumba ya mtu?

Kuna sentensi moja naipenda sana naiandika ubaoni kila muhula. Samaki alikatwa na mama kwa kisu. Nusu ya darasa wanaandika the fish was cut with mother by a knife, kwa sababu wamekaririshwa na ni with, kwa ni by. Ni kinyume. Aliyefanya anachukua by, kifaa kinachukua with: the fish was cut by mother with a knife. "Na" yetu inakuwa with pale tu mnapokuwa pamoja, nilienda na mama, I went with mother. Pamoja na, with. Alitendwa na, by.

Hadi na mpaka nazo zina mtego ambao umeshawahi kumgharimu dada yangu. Anauza dagaa wa kukausha, mteja wa nje ya nchi akamwandikia please send the sample by Thursday. Yeye akasoma "mpaka alhamisi", akatulia, alhamisi mchana ndo anatafuta maboksi ya kufungia. By Thursday maana yake alhamisi ikifika iwe imeshafanyika, ni mwisho wa kikomo, hata jumanne ruksa. Until Thursday maana yake jambo linaendelea bila kukatika mpaka alhamisi, wait until Thursday, the shop is closed until Thursday. Kiswahili tunasema mpaka kwa yote mawili, mzungumzaji anaeleweka kwa mazingira. Kwa Kingereza ukichanganya, mzigo unachelewa.

Ile -ni niliyoanza nayo ndio sehemu ya kwanza ambako Kiswahili kinaficha mambo haya. Ya pili ni tumboni mwa kitenzi, ile -ia na -ea. Andika, andikia. Pika, pikia. Omba, ombea. Kimbia, kimbilia. Kile kisilabi kimoja kimebeba kihusishi chote: write to, cook for, pray for, run to. Kwa hiyo mtu akitaka kusema nielezee anaandika explain me, kwa sababu kwake nielezee ni neno moja limekamilika. Lakini ile -ea lazima itoke nje isimame peke yake, explain to me. Kila ukiona -ia au -ea kwenye kichwa chako, simama kidogo, ujue kuna kaneno kanatakiwa kutokea huko mbele, to, for, with, mara nyingine in.

Kinyume chake pia kipo. Kuna vitenzi vya Kingereza ambavyo vimeshameza kihusishi chao na havitaki kingine. Discuss ndani yake kuna "kuhusu" tayari, we discussed the price, basi, hakuna about. Enter ndani yake kuna "ndani", he entered the room. Reach haitaki to, lakini arrive inataka, na sio to, ni arrive in Mwanza kwa mji na arrive at Nyegezi kwa stendi. Halafu kuna ndoa zilizofungwa zamani huwezi kuzivunja: wait for, listen to, depend on, afraid of, good at, married to. Hiyo ya mwisho ndio inaumiza wengi, ameolewa na, wanaandika married with. Hizi usizitafutie sababu. Ukijifunza neno depend, liandike kwenye daftari likiwa na on yake, usiliandike peke yake.

Kitu kingine ambacho watu wazima kabisa, wenye vyeti, wanakosea kwenye barua za kuomba kazi. Baada ya kihusishi, kitenzi kinachukua -ing. Good at cooking, before eating, tired of waiting. Hiyo mnaijua. Lakini I am looking forward to hear from you imejaa kila mahali, kwa sababu mtu akiona to anadhani ni ile ya to hear, to eat, ile inayofanana na ku- yetu ya kusikia na kula. To ya looking forward to sio hiyo, ni kihusishi, kwa hiyo looking forward to hearing from you. Jaribu hivi, weka jina la kitu badala ya kitenzi: looking forward to Christmas. Imekubali? Basi ni kihusishi, weka -ing.

Na mwisho swali alilonirushia binti mmoja juzi, ticha, mbona tunaambiwa tusimalize sentensi na kihusishi, na nimesikia wanasema the house I live in? Nikamwambia hiyo "usimalize" ni kanuni ya kizamani, wenyewe wanamalizia navyo kila siku, ukiikata ile in sentensi inabaki kiguu kimoja. Nikamwandikia ubaoni nyumba ninamoishi, nikapigia mstari -mo-. Akaangalia kidogo akasema, aah, kumbe in ni hiyo mo. Nikaandika kiti nilichokalia, akasema the chair I sat on. Kisu nilichokatia. The knife I cut with. Hapo hakunisubiri, akaanza kutunga zake, ndoo aliyochotea, kivuko tulichopandia, na darasa zima likawa linapiga kelele with, from, at mpaka umeme ukakatika.