Si Kila Kielekezi cha Barua Pepe ni Chako Kukiachilia

Wiki hii nimeletewa tena msimbo wa C unaosoma barua pepe kwa maktaba ya libEtPan (funksheni zilizokwisha kuandikwa za kushughulikia barua pepe), na pamoja nao lalamiko ninalolijua kwa moyo: "Mkubwa, nimefanya free kwa kila kielekezi, mbona programu bado inaanguka?" Aliyemtangulia mwenye msimbo huu, kijana wa Nakuru, alikuwa na shida iliyo kinyume, maana programu yake haikuanguka hata kidogo; ilinenepa usiku kucha mpaka mfumo endeshi ukaiua wenyewe. Wote wawili waliamini jambo moja, kwamba kila kielekezi (pointer, yaani anwani ya mahali data ilipo kwenye kumbukumbu) ambacho maktaba imekukabidhi ni deni, na kwamba deni lolote hulipwa kwa free, funksheni ya C ya kurudisha kumbukumbu. Nimelipinga jambo hili kwa mdomo, kwa simu na kwa jumbe ndefu za WhatsApp, na sasa naliandika ili siku nyingine nitume kiungo tu na kuendelea na chai yangu.

Mfumo ninaoutunza hapa Kisumu hupokea barua pepe kutoka kwa makarani wa wakulima wa miwa upande wa Muhoroni. Kila barua hubeba stakabadhi za mizani zilizopigwa skani na kuwekwa kwenye PDF. Programu huingia kwenye kisanduku kwa IMAP (itifaki ya kusoma barua zikiwa kwenye seva), huchukua kiambatisho, hukihifadhi, hulala kidogo, kisha hurudi kutazama tena. Programu ya namna hii haifanyi kazi ikaondoka, bali hukaa miezi. Kwa hiyo ule ushauri wa kwamba mfumo endeshi utafagia kila kitu programu itakapomalizika, ambao ni wa kweli kabisa kwa programu ya sekunde mbili, hapa haumfai mtu.

Niyapitie upesi mawili ambayo hayastahili muda mrefu. La kwanza, kuandika msg = NULL, yaani kukifuta kielekezi cha barua, si kuachilia kumbukumbu; ni kupoteza njia pekee uliyokuwa nayo ya kuiachilia. La pili, free(msg) huachilia ganda la nje tu. Ndani ya muundo wa mailmessage kuna vielekezi vya vichwa vya barua, vya mti wa MIME (ramani ya sehemu za barua) na vya data ya kiendeshi (sehemu ya maktaba inayoshughulikia aina moja ya kisanduku), na vyote hivyo hubaki vikielea bila mwenyewe. Maktaba imekupa mailmessage_free, ambayo huingia ndani na kusafisha hadi chini, nawe itumie hiyo.

Sasa tufike panaponiudhi. Swali ambalo mtu anapaswa kujiuliza kabla ya kuandika free si "je, nimeshaachilia?" bali "je, hiki ni cha nani?" Anayepika kwenye matanga anajua kwamba sufuria zote zinafanana moshi ukishazipaka, na ndiyo maana wenyewe huzitia alama ya rangi chini ili za kuazima zirudi kwa jirani na za nyumbani zibaki. Vielekezi havina alama ya rangi. Kielekezi cha kuazima na kielekezi chako vyote ni namba ya baiti nane, vinapita kwenye vigezo vya aina moja, na mkusanyaji (compiler) hakuonyi lolote. Alama iko kwenye maelezo ya maktaba tu, katika sentensi moja fupi ambayo watu huiruka wakikimbilia mfano wa msimbo.

Tazama funksheni mbili ambazo karibu kila mtu huzitumia kwa mfuatano. Ukiita mailmessage_get_bodystructure, unapewa kielekezi cha mti wa MIME wa barua, yaani sehemu zake zote na jinsi zilivyopangana. Mti huo ni mali ya barua. Maelezo yanasema bayana kwamba usiuachilie kwa mkono, kwa kuwa utaachiliwa na mailmessage_flush au mailmessage_free. Kisha unashuka kwenye mti huo, unaipata sehemu yenye PDF, na unaita mailmessage_fetch_section ili kuleta maudhui yake. Maudhui hayo ni yako, na usipoyaachilia hakuna atakayeyaachilia. Majina ya funksheni hizi yanakaribia kufanana, zote mbili hupokea anwani ya kielekezi chako na kukijaza, na zote mbili hurudisha namba ya kosa. Lakini ukimfanyia mmoja yale yanayompasa mwingine, ama kumbukumbu inavuja, ama kitu kimoja kinaachiliwa mara mbili na programu inaanguka. Yule wa wiki hii alikuwa ameita mailmime_free juu ya mti, kisha mailmessage_free juu ya barua. Kwa mantiki yake alikuwa mwangalifu, na uangalifu huohuo ndio ulioiangusha programu.

Vichwa vya barua vinasumbua zaidi, kwa sababu data ni ileile na umiliki hutofautiana kulingana na mlango ulioingilia. Ukivisoma kupitia msg_fields ndani ya barua, baada ya kuijaza orodha kwa mailfolder_get_envelopes_list, unaangalia mali ya barua. Ukiviomba kwa mailmessage_fetch_envelope, unapewa nakala yako, na ni juu yako kuiachilia kwa mailimf_fields_free. Kwa mtu anayesoma skrini, mada na mtumaji ni vilevile herufi kwa herufi. Nimewahi kumsikia mtu akidai kwamba maktaba ina hitilafu kwa sababu ya jambo hili. Mimi naiona ni tabia ya kuchosha, lakini si hitilafu, kwa kuwa imeandikwa.

Hata ukishajua kwamba kitu ni chako, bado free tupu inaweza kuwa kosa. Maudhui uliyoletewa na mailmessage_fetch_section huachiliwa kwa mailmessage_fetch_result_free, ambayo inadai upewe na barua yenyewe kama kigezo cha kwanza. Sababu ni kwamba kila kiendeshi, kiwe cha IMAP, cha POP3 au cha faili za mbox, kina namna yake ya kutenga nafasi hiyo, na barua ndiyo inayokumbuka ilitoka kwa kiendeshi kipi. Kwa hiyo mpangilio una maana: maudhui kwanza, barua mwisho. Ukianza na barua, utakuwa unaikabidhi funksheni barua ambayo haipo tena. Baada ya hapo unafumbua base64, ile namna ya kuandika faili kwa herufi za kawaida ili lisafiri kwenye barua, kwa mailmime_part_parse, na tokeo lake lina mwachiliaji wa tatu, mailmime_decoded_part_free. Nyuma ya tokeo hilo kuna muundo wa MMAPString, ambao maktaba huuandika kwenye daftari lake la ndani. Maudhui makubwa yanaweza hata kuwa kwenye faili la muda lililofungamanishwa na kumbukumbu, wala hayakutoka kwa malloc, funksheni ya C ya kuomba kumbukumbu. Ukilifanyia tokeo hilo free, hata pale ambapo programu haitaanguka, daftari litabaki likiamini kwamba anwani ile bado inatumika.

Kwa hiyo kiambatisho kimoja cha stakabadhi za miwa kina mti usioguswa, maudhui ghafi yenye mwachiliaji wake, maudhui yaliyofumbuliwa yenye mwachiliaji mwingine, na barua yenye wa kwake. Anayenambia kwamba kuna kanuni moja rahisi ya yote haya, naomba anioneshe msimbo wake ukiwa umefanya kazi tangu Januari.

Kuna mtego mwingine kwa wanaopendelea kuileta barua nzima kwenye bafa yao, yaani eneo la kumbukumbu walilolitenga wenyewe, na kuichambua kwa mailmime_parse. Majani ya mti unaopata hayana nakala ya maandishi. Yana vielekezi vinavyoonyesha ndani ya bafa uliyoitoa wewe. Bafa ni yako, mti ni wako, lakini bafa haipaswi kuondoka kabla ya mti. Ubaya wa kosa hili ni kwamba hupita majaribio vizuri sana: ukiachilia bafa na kusoma jani mara moja, mara nyingi baiti bado zimekaa palepale na maandishi yanatoka safi. Siku mfumo unapopata shughuli nyingi, nafasi ile imeshapewa mgeni, na jina la karani linatokea katikati ya namba za tani. Kulifuatilia kosa la aina hiyo ni kazi ya usiku, na mashine yako ya mezani haitakuonesha hata dalili.

Umiliki husafiri pia kuelekea upande wa pili. Unapounda anwani kwa mailimf_mailbox_new, mifuatano ya herufi unayoipa inakuwa mali ya muundo mpya, na muundo utakapoachiliwa utaiachilia. Kwa hiyo mifuatano hiyo lazima iwe imetoka kwa malloc. Ukiandika anwani ndani ya alama za nukuu na kuipitisha moja kwa moja, barua itaundwa, itatumwa na itafika, kisha programu itaanguka wakati wa kusafisha, huku mwandishi akiapa kwamba kosa liko kwenye seva ya barua. Tumia strdup, ambayo hunakili maandishi kwenye nafasi iliyotoka kwa malloc. Na funksheni ikirudisha NULL, umiliki haukuhama, kwa hiyo ile nakala ya strdup bado ni yako. Hapa nikiri jambo ambalo vitabu hulipitia kimyakimya. Kwenye Linux, kwa jinsi kiini chake kinavyoahidi kumbukumbu kuliko kilicho nayo, malloc ndogo karibu haishindwi kamwe. Mchakato huuawa kabla haujaiona NULL. Matawi yale ya msimbo nayaandika kwa nidhamu, lakini mengi hayajawahi kutekelezwa mbele ya macho yangu, na tawi lisilowahi kutekelezwa ni tawi ninalolitilia shaka, liwe langu au la mtu mwingine.

Valgrind, zana ya kusaka makosa ya kumbukumbu, ikiitwa na --leak-check=full, itakuonesha mengi kati ya haya, na anayeandika C ya barua pepe bila Valgrind wala AddressSanitizer simwelewi. Lakini Valgrind ilimwambia yule wa Nakuru kwamba hakuna kilichopotea, na ilisema kweli. Alikuwa anaweka kila barua kwenye orodha na kuiachilia orodha wakati wa kufunga kipindi cha IMAP, na kipindi kilikuwa hakifungwi mpaka programu izimwe. Kila baiti ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa hai. Kitaalamu huo si uvujaji, ingawa seva ya GB 1 haijali jina unaloliita. Dawa ilikuwa ni kuita mailmessage_flush baada ya kushughulikia kila barua, ambayo hutupa mti na data ya ziada na kuacha barua yenyewe ikiwa hai, na orodha yenyewe kuiachilia mwisho wa kila mzunguko kwa mailmessage_list_free. Na funksheni hiyo huachilia barua zilizomo pia, kwa hiyo usizipitie moja moja kabla yake.

Limebaki lile linalonirudishia watu hata baada ya kurekebisha yote: "Nimeachilia sawasawa, Valgrind imeridhika, lakini top bado inaonesha kumbukumbu ileile." Hiyo top ni programu inayoonesha kila programu inashika kumbukumbu kiasi gani. Fanya hesabu kwanza. Base64 hugeuza kila baiti 3 kuwa herufi 4, kisha huongeza mwisho wa mstari kila baada ya herufi 76. PDF ya MB 3 inasafiri ikiwa MB 4 na ushee, na wakati wa kuifumbua nakala zote mbili zimekaa kwenye kumbukumbu, yaani zaidi ya MB 7 kwa kiambatisho kimoja. Hicho ni kilele cha kawaida, hata kwa msimbo usio na kosa. Ukiachilia maudhui ghafi mara tu kufumbua kunapokwisha, angalau hayatakaa humo wakati unaandika faili kwenye diski.

Kisha kuna glibc yenyewe, maktaba ya msingi ya C kwenye Linux nyingi, ambayo ndiyo yenye malloc na free. Kipande cha kuanzia KB 128 kwa kawaida hutolewa kwa mmap, yaani huombwa peke yake moja kwa moja kutoka kwa mfumo endeshi, na kikiachiliwa hurudi kwa mfumo endeshi papo hapo. Ila kizingiti hicho hupanda: ukishaachilia kipande cha MB 4 kilichotoka kwa mmap, glibc hukiinua kizingiti hadi ukubwa huo, na kwenye mashine za biti 64 kinaweza kufika MB 32, kwa kudhani kwamba utaomba tena kipande kama hicho. Kiambatisho kinachofuata basi hutolewa kwenye eneo la kawaida, na kikiachiliwa huku juu yake pakiwa na kipande kidogo kilicho hai, tuseme nodi moja ya orodha, nafasi yote ile hubaki mikononi mwa programu. Imeachiliwa, na itatumika tena, ila top haina njia ya kukuambia hivyo. Unaweza kuizuia tabia hiyo kwa kuweka M_MMAP_THRESHOLD, yaani kizingiti hicho, mwenyewe kwa mallopt, jambo linalosimamisha upandaji wa kizingiti, au kwa kuita malloc_trim(0), ambayo hurudisha nafasi tupu kwa mfumo endeshi, mwisho wa mzunguko.

Mimi naita malloc_trim, na sijivunii. Ni funksheni ya glibc pekee, kwa hiyo msimbo wangu hautajengwa kwenye Alpine, Linux ndogo inayotumia musl badala ya glibc, bila masharti ya ziada, na moyoni nashuku kwamba naiita zaidi ili grafu ya kumbukumbu ipendeze machoni pa mteja kuliko kwa sababu seva inaihitaji. Kama seva yako ina nafasi ya kutosha na mstari wa grafu ukishapanda hukaa pale ulipo bila kuendelea kupanda, uache. Ukiendelea kupanda baada ya kila kundi la barua, basi rudi kwenye msimbo na uanze na vile vielekezi ulivyovipata kwa funksheni zenye fetch katika jina.