Demi ni nusu, ila si nusu lita

Juzi tena. Mgeni kutoka nyumbani kaagiza demi ya bia, nimempa glasi yake ya sentilita 25, akanitolea macho: "Kaka, mbona unanipunja? Demi si nusu?" Tangu nisimame nyuma ya kaunta hapa Paris, swali hili limeniotesha sugu ulimini.

Ni nusu, ndiyo. Nusu ya nini? Lita ililetwa na sheria ya mwaka 1795. Kabla yake Paris walipima kwa pinte, kama sentilita 93. Nusu yake ni chopine; robo yake, yaani nusu ya chopine, ni demi-setier. Aliyelelewa na bibi muuza nafaka ameshaelewa: pishi, kisaga, kibaba. Sasa robo ya 93 ni 23 na ushei, jirani wa mlango mmoja na 25 zetu. Kwa hiyo mimi nashikilia kwamba demi ndiyo kibaba kile cha Paris, demi-setier, jina limekatwa mkia tu. Wapo wenzangu wasemao ni nusu ya painti ya Waingereza. Hiyo ni sentilita 28, nayo haiko mbali, na siwezi kuapa kwamba wamekosea. Wengine watakwambia ni nusu ya pinte ya baa za leo, yenye 50. Hesabu inakubali, ila nadhani hapo mtoto demi kamtangulia mama pinte.

Mengine haraka. Nusu lita ni pinte. Ya kuonja ni galopin, nusu ya demi. Bia ya bomba ni pression. Ukisema bière tu, usishangae ikija chupa. Formidable ni lita nzima. Distingué kwa huyu nusu lita, kwa yule lita, na mimi mwenyewe nikiwa mji wa watu huagiza kwa sentilita.

Na povu si wizi! Tazama kimstari kwenye glasi: bia ifike hapo, povu likae juu yake. Ikipungua, irudishe, nitaongeza bila kununa.

Yule mgeni hakuamini. Akaagiza demi ya pili, akaomba glasi tupu ya pinte, akazimimina zote mbili polepole kama mkemia. Zikafika mstarini barabara. Bei ya demi mbili ilikuwa juu kuliko ya pinte moja, lakini hilo hakuniuliza.