Redio ya paketi kwa kompyuta ya nyumbani: kinachokwamisha ni sauti, si nguvu

Vijana wengi wanaofika kwenye maabara yetu ya mawasiliano hapa Mwanza huja na redio upepo mkononi na swali moja mdomoni: nitaiunganishaje na kompyuta yangu nitume ujumbe bila bando? Jibu lake lipo tangu Mei 31, 1978, wapenzi wa redio wa Montreal, Kanada, waliporusha hewani paketi za kwanza za redio ya ridhaa. Zamani kazi hiyo ilihitaji kisanduku maalumu kilichokaa kati ya redio na kompyuta. Leo kadi ya sauti iliyomo ndani ya kompyuta yako inatosha. Hata hivyo nimeona redio nzuri zikirudishwa kabatini kwa kosa linalorekebishika kwa dakika 5, na kosa hilo ndilo hasa lililonifanya niandike.

Ukiongea kwenye redio upepo hujui kama mwenzako amekusikia mpaka akujibu. Kwenye paketi, kompyuta zinamalizana zenyewe. Ujumbe wako hukatwa vipande, ndizo paketi zenyewe, kila kipande kikabandikwa alama ya mwito, yaani jina la kituo hewani, ya mtumaji na ya mpokeaji, na mwishoni ikawekwa namba ya ukaguzi ya biti 16 iliyokokotolewa kutokana na kila kilichomo. Kompyuta ya upande wa pili hukokotoa upya. Ikipata namba tofauti, hata kama iliyoharibika ni herufi moja tu, inakitupa kipande kizima. Kikiwa salama, inarudisha jibu kwamba kimefika. Jibu lisiporudi, kompyuta yako inarusha tena. Utaratibu huu unaitwa AX.25, na kwa watu wa ziwani, wanaojua uzito wa habari isiyofika, naona ndio uzuri wake mkubwa.

Biti zenyewe husafiri kama milio miwili, mmoja wa hezi 1,200 na mwingine wa hezi 2,200, ikipokezana kwa kasi ya biti 1,200 kwa sekunde. Sikioni ni kama dagaa mbichi wakitumbukizwa kwenye mafuta ya moto: chrrr fupi, kimya, chrrr nyingine. Kasi hiyo haizidi baiti 150 kwa sekunde, kwa hiyo picha na video visahau. Lakini maneno kama "Tumefika Nansio salama, ziwa limechafuka" hupita kabla sekunde moja haijaisha.

Leseni kwanza. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ndiyo inayotoa leseni ya redio ya ridhaa, na alama za mwito za nchi yetu huanza na 5H au 5I. Masafa yanayotufaa ni kati ya megahezi 144 na 146. Redio upepo nyingi zinazouzwa madukani zinaweza kurusha hata nje ya hapo, kwenye masafa ya watu wengine. Kuweza si kuruhusiwa. Tena redio ya ridhaa si ya biashara, na ujumbe haufichwi kwa msimbo wa siri. Bei ya sangara pale Mwaloni Kirumba ipigie simu.

Upande wa antena, ziwa ni zawadi. Mawimbi ya masafa haya huenda karibu na mstari ulionyooka, na juu ya maji hakuna nyumba wala mwamba wa kuyazuia, isipokuwa mviringo wa dunia wenyewe. Ukitaka kukisia utafika wapi, tafuta kipeuo cha pili cha urefu wa antena yako kwa mita, ujumlishe na cha antena ya mwenzako, kisha uzidishe kwa 4.12, jibu ni kilomita. Antena mbili zilizo mita 10 juu ya maji zinaonana kwa kilomita 26 hivi. Moja ikipandishwa kwenye kilima mita 100 juu ya ziwa, unafika kilomita 54. Ndiyo maana mwenye nyumba mlimani Bugando, upande unaotazama maji, anaweza kuzungumza mbali kwa wati 5, wakati jirani yake aliye nyuma ya mawe hafiki hata Igombe.

Antena yenyewe jitengenezee. Kwa megahezi 144.8, masafa yanayotumika Ulaya na sehemu nyingi za Afrika kutuma paketi fupi za mahali na hali ya hewa, fito ya kusimama iwe na sentimita 49, na chini yake fito nne za urefu huo huo zilizoinamishwa nyuzi 45. Isimame wima kama ya mwenzako. Waya wa antena usiuchukulie kwa urahisi: ule mwembamba wa RG-58 ukiwa na mita 15 unakula karibu nusu ya nguvu yako kabla haijafika juu. Nunua mfupi, au nunua mnene.

Sasa tuje kwenye kosa lenyewe. Tundu la sauti la kompyuta hutoa umeme unaoweza kukaribia volti moja. Tundu la maiki la redio linategemea sauti ya mtu, yaani sehemu ndogo sana ya volti. Ukiunganisha moja kwa moja, redio inapigiwa kelele masikioni. Ndani yake kuna kikomo kinachozuia sauti isitanuke kupita masafa iliyopewa. Milio mikubwa ikigonga kikomo hicho, vilele vyake hukatwa na umbo lake huharibika. Ubaya ni kwamba sikio halitambui. Mwenzako atakwambia anakupata vizuri, tena kwa nguvu, huku kompyuta yake haisomi hata paketi moja.

Yalinipata mimi mwenyewe. Nilikuwa na mwenzangu upande wa Sengerema, na kwa jioni tatu tulihangaika. Nilipandisha antena. Nikabadilisha betri. Nikaazima redio yenye wati 25. Hakuna kitu. Jioni ya nne, kwa kuchoka tu, nilishusha sauti ya kompyuta kutoka 90 hadi 20, na paketi ya kwanza ikasomwa kwa wati 5 zile zile za mwanzo.

Kwa hiyo weka kipunguzi kwenye waya: rezista ya ohmu 10,000 njiani, na nyingine ya ohmu 100 kutoka upande wa maiki kwenda kwenye waya wa chini. Hapo sauti inapungua takriban mara 100. Kisha rusha huku mwenzako akisikiliza, ukianzia sauti ya chini kabisa na kupandisha kidogo kidogo. Paketi zikianza kusomeka, ongeza kidogo tu, uache hapo. Upande wa kupokea ni vivyo hivyo. Programu ya Dire Wolf, ambayo ni ya bure na hukubali Linux na Windows, huandika kiwango cha sauti mbele ya kila paketi iliyopokelewa. Kikikaa karibu na 50 upo vizuri.

Kuibonyeza redio irushe, wengi huanza na ile hali ya kujiwasha inaposikia sauti. Inafanya kazi, ila huchelewa kuwaka na huchelewa zaidi kuzima, ukakosa jibu la mwenzako. Transista moja ndogo inayoendeshwa na waya wa USB wa mawasiliano ya mfululizo ni bora mno. Kwenye programu, acha nafasi ya milisekunde 300 kabla ya data kuanza, maana redio haifiki nguvu yake kamili papo hapo. Kinyamazisha kelele cha redio kifungue kabisa. Programu inajua kutenganisha paketi na mvumo wa kawaida. Na zima milio yote ya kompyuta, la sivyo taarifa ya betri kuisha itarushwa hewani ikiwa na alama yako ya mwito.

Mkiwa vituo vitatu au zaidi mtakutana na tatizo jingine. Kila kompyuta husikiliza kwanza kabla ya kurusha, lakini kituo cha Ukerewe na cha Sengerema huenda visisikiane, wakati cha Capri Point, mlimani hapa Mwanza, kinavisikia vyote viwili. Vikirusha kwa pamoja, Capri Point inapata uji. Hapo msiongeze nguvu. Punguzeni wingi wa ujumbe, na kituo kilicho juu kikubali kurudia paketi za wengine.

Radi nazo. Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani, na nyingi hupiga usiku juu ya maji. Chomoa waya wa antena kila unapomaliza na uutoe nje ya dirisha, usisubiri ngurumo. Umeme ukikatika, betri ya volti 12 inaendesha redio ya mezani, ila taa za LED za bei rahisi na vidhibiti chaji vya sola hutoa mvumo unaoziba paketi, kwa hiyo vizime kimoja kimoja mpaka umpate mkosaji.

Kama mtaani kwenu hakuna mwenye kituo, tazama juu. Kituo cha Anga cha Kimataifa hupita anga letu mara kadhaa kwa siku, kama kilomita 400 kwenda juu, na mara nyingi kina kirudisha paketi kwenye megahezi 145.825. Kila pito ni la dakika 10 hivi au pungufu. Toka nje, mahali pasipo na mwamba unaokuziba, elekeza antena kinakotokea, uache kompyuta isome. Ukiona alama RS0ISS kwenye skrini, upande wako wa kupokea umekamilika, na kinachobaki ni ule waya wa maiki.