Laini Hii Imesajiliwa kwa Jina la Nani?

Kila darasa la simu na kompyuta tunaloendesha kwa akina mama wa Busia, upande wa Uganda, mimi hulifungua kwa swali hilo. Siulizi nani ana simu. Siku hizi wengi wanaokuja wanayo, ikiwa si ya kugusa basi ni ile ya tochi iliyofungwa kwa mpira isifunguke. Nauliza laini iliyomo ndani imesajiliwa kwa jina la nani, kisha nanyamaza nisikie. "Ya baba watoto." "Ya kifungua mimba wangu." "Ya kijana aliyeniuzia stendi, wakati ule hawakuwa wanaulizia kitambulisho." Wenye laini kwa jina lao wenyewe huwa wachache.

Aliyenifundisha uzito wa swali hili ni mama mmoja muuza dagaa, wale tunaowaita mukene. Alikuwa akiweka akiba kwenye simu, kidogo kidogo kwa miezi minane, za karo ya binti yake. Simu ikaibwa sokoni. Hakupaparika, kwa sababu namba ya siri alikuwa nayo kichwani na alishajua kwamba mwizi wa simu haibi pesa zilizo kwenye laini. Alipokwenda kuirudisha ile laini, akaambiwa amlete mwenyewe. Mwenyewe ni shemeji yake, aliyemsajilia kwa kitambulisho chake miaka mingi nyuma, na shemeji alikuwa amekwenda Juba kutafuta kazi, hapatikani. "Mwalimu," aliniambia, "ni kama nimeweka mahindi kwenye ghala la mtu, halafu mtu mwenyewe kasafiri na ufunguo." Binti alikaa nyumbani muhula mzima.

Sisi tunaofanya kazi hii tuliamini kwa miaka mingi kwamba shida ya mwanamke wa kijijini ni vifaa. Wakati ule ilikuwa kweli. Kituo cha mawasiliano cha jamii kilipofunguliwa Nakaseke, katikati mwa Uganda, mwaka 1999, kompyuta ilikuwa kitu cha kutazamwa kwa mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikaletwa pale diski ya kompyuta iliyotengenezwa mahususi kwa wanawake wa vijijini Afrika, ya kuwafundisha njia za kujipatia kipato. Ilisema kwa sauti, kwa Kiingereza na kwa Kiganda, na mtumiaji alibofya picha tu. Hata mama asiyejua kusoma aliweza kuitumia. Mwaka 2000 mashirika ya wanawake yakaungana kuunda WOUGNET, mtandao wa wanawake wa Uganda ulioratibiwa na mhandisi Dorothy Okello wa Chuo Kikuu cha Makerere. Mwaka 2005 wakafungua kituo cha habari cha Kubere huko Apac, kaskazini, ambako vikundi vya wakulima wanawake vilipewa redio za kaseti na simu ili mashauri ya kilimo yawafikie kwa lugha yao. Katikati ya hapo, mwaka 2003, kampuni ya simu ya MTN na shirika la Grameen Foundation walileta simu za kijiji: mtu ananunua simu na antena kwa mkopo, anaweka betri ya gari, anawauzia majirani dakika za kupiga.

Ninaikumbusha miradi hiyo kwa sababu moja. Ilikuwa ya pamoja. Mwanamke aliyefika kituoni alikuta kifaa ambacho hakikuwa cha mume wala cha kaka, akakaa kwenye kiti kama mtu mwingine yeyote. Simu ya mkononi ilipoingia nyumbani iliingia chini ya desturi za nyumbani: anayenunua ndiye mwenye mali, baba anapata mpya, mama anarithi ile yenye kioo kilichopasuka, na laini inabaki na jina lilelile la kwanza. Kwa maoni yangu hapo ndipo tulipolala, sisi wataalamu. Tulihesabu simu tukafurahi.

Tangu MTN ilipoanzisha huduma ya pesa za simu mwaka 2009, laini imekuwa benki. Na tangu mwaka 2018 usajili umekazwa: raia hapati laini bila kitambulisho chake cha taifa kuhakikiwa kwenye kumbukumbu za NIRA, mamlaka inayotoa vitambulisho hivyo. Ni jambo jema kwa usalama, lakini maana yake ni kwamba mwenye jina ndiye mwenye pesa. Tazama Mpango wa Maendeleo ya Parokia wa serikali ulioanza mwaka 2022; parokia hapa si ya kanisa, ni eneo la utawala lenye vijiji kadhaa. Kila parokia imetengewa shilingi milioni 100 kwa mwaka, asilimia 30 yake ni fungu la wanawake, na mnufaika anaweza kupata shilingi milioni moja, zinazomfikia kwa njia ya pochi ya simu. Sasa mama amejaza fomu, jina ni lake, mbuzi anaotaka kufuga ameshawahesabu kichwani, lakini namba ya simu aliyoandika ni ya mtu mwingine. Ujumbe wa pesa utalia mfukoni mwa nani?

Kwa hiyo ninaomba hivi, na ninaomba kwa dhati. Wiki hii, chukua kitambulisho chako uende kituo cha huduma cha kampuni ya simu yako, kile chenye ofisi, usiende kwa kijana wa mwavuli. Waulize laini yako ina jina la nani. Kama aliyesajili yupo, nendeni wote wawili na vitambulisho, muombe ihamishiwe kwako. Kama hayupo au hakubali, toa pesa zako kwanza, usajili laini mpya kwa jina lako, na uwape wateja namba mpya. Inasumbua, najua, hasa kwa mfanyabiashara ambaye namba yake imeandikwa kwenye milango ya watu kuanzia Busia hadi Tororo. Ila usumbufu wa wiki mbili ni nafuu kuliko muhula wa mtoto. Usiye na kitambulisho cha taifa, anzia huko. Cha kwanza hutolewa bila malipo. Ndugu zetu wakimbizi wa Nakivale na Kyaka, wengi wao Wakongo wanaosoma Kiswahili hiki, wanaweza kusajili kwa kadi zao za ukimbizi.

Namba ya siri ni jambo linalonitia uchungu zaidi. Wanawake wengi humwachia wakala aibonyeze, "kwa sababu mimi sioni vizuri," au humpa mume kwa sababu akiificha ataulizwa anaficha nini. Kuhusu wakala sina mjadala: usimpe, hata awe mtoto wa dada yako. Kuhusu mume, huwa nawaalika waume waje siku moja ya darasa, nao huja. Nawaambia kwamba Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 26, inampa kila mtu haki ya kumiliki mali peke yake au pamoja na wengine, na pesa iliyo kwenye simu ni mali. Kisha nawauliza kama wao wanazijua namba za siri za wake zao, halafu kama wake zao wanazijua za kwao. Mzee mmoja, fundi baiskeli, alisema mbele ya wote, "Hapo umenipata, mwalimu." Mkewe aliibadilisha namba siku ileile, yeye akiwa amesimama pembeni kumshikia mkoba.

Gharama nayo haiachi kuuma. Kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku, iliyoanza Julai 2018, ilifika shilingi 6,000 kwa mwezi, na kwa mwenye kuuza nyanya kwa mafungu hiyo si pesa ya kuchezea. Ilipoondolewa Julai 2021, mahali pake ikaja kodi ya asilimia 12 kwenye bando la intaneti. Kutoa pesa kwa wakala kuna kodi ya nusu ya asilimia: ukitoa shilingi 200,000, shilingi 1,000 ni ya kodi, mbali na ada ya kampuni. Kodi hiyo hukatwa unapotoa. Kama unayemlipa anapokea kwa simu, mtumie, usitoe taslimu kwanza ukampelekea mkononi.

Na ule ujumbe wa "nimekutumia pesa kwa bahati mbaya, nirudishie" usiujibu kabla hujatazama salio lako mwenyewe. Matapeli huandika ujumbe unaofanana na wa kampuni herufi kwa herufi. Salio halidanganyi.

Faida ya simu iliyo mkononi mwa mwenyewe naiona hapa mpakani kila alfajiri. Kabla hajalipa nauli wala mchukuzi, mama anampigia mnunuzi wa upande wa pili, anauliza gunia la maharage linakwenda bei gani, anapiga kwa mwingine kulinganisha, ndipo anaamua kama avuke leo au asubiri. Zamani alivuka kwanza ndipo akajua bei, na akiwa ameshalipa usafiri alikubali chochote.

Kikwazo kilichobaki ni menyu yenyewe. Ukibonyeza *165# kwa MTN au *185# kwa Airtel, maneno yanajipanga haraka, na kwa mama asiyesoma Kiingereza yale ni mistari tu. Yule muuza dagaa, ambaye sasa ana laini kwa jina lake, alitafuta njia yake. Ana daftari la kurasa 32. Kwenye ukurasa wa kwanza amechora samaki, na chini yake tarakimu za kufuata, moja baada ya nyingine, hadi pesa imfikie mvuvi wake wa Majanji. Ukurasa wa pili ni kibatari: hizo ni za kulipia umeme. Ukurasa wa tatu amechora msichana mwenye begi mgongoni.

Mwezi uliopita mpangilio wa menyu ulibadilika, na tarakimu za ukurasa wa samaki zikampeleka mahali pengine. Alikuja darasani na daftari, akakaa mstari wa mbele, akanipa kifutio. Mimi huwa naweka mikono nyuma ninapofundisha, ili anayejifunza abonyeze mwenyewe, kwa hiyo nilimrudishia. Akafuta, akabonyeza, akanisomea tarakimu kwa sauti, akaandika upya. Wenzake wanne waliokuwa nyuma yake walitoa madaftari yao wakaanza kuchora.