Betri ya nikeli-chuma si ya kufunga na kusahau

Wateja wa sola wanaoniulizia betri za nikeli-chuma karibu wote huja na kauli ileile: "Fundi, hizi si hazifi? Unafunga, basi." Nimechoka kuisikia.

Kinachodumu ni mabamba ya ndani. Seli za aina aliyoitengeneza mvumbuzi Mmarekani Thomas Edison mwanzoni mwa karne ya 20 zimeonekana zikishika chaji miongo mingi baadaye, maana nikeli na chuma haviliki ndani ya alkali ya potasiamu kama madini ya risasi yanavyolika kwenye asidi ya betri ya gari. Zimalize hadi sifuri, zizidishie chaji, zitavumilia. Ila zinakunywa maji. Bamba la chuma huanza kutoa haidrojeni hata kabla seli haijajaa, kwa hiyo hakuna namna ya kuijaza bila kupoteza maji. Kila ampea-saa (kipimo cha kiasi cha chaji) inayozidi hula gramu 0.34 hivi za maji katika kila seli. Mfumo wa volti 48 una seli 40. Uzidishie ampea-saa 100 na lita 1.3 zimekwenda. Haidrojeni hiyo ikijikusanya chumbani hadi asilimia 4 ya hewa, cheche ya swichi inatosha kulipua. Sifungi betri hizi kwenye stoo isiyo na dirisha, hata mteja akasirike.

Na usiende dukani kuomba "maji ya betri", utauziwa asidi. Omba maji yaliyokenekwa (distilled water), uyaone yameandikwa hivyo. Nunua faneli na ndoo ya betri hizi peke yake, uzipake rangi ya kuzitambulisha. Ya kuazima kwa fundi wa magari ina mabaki ya asidi, nayo ni sumu kwa seli hizi.

Haidromita, kile kipimo cha uzito wa maji ya betri? Irudishe sandukuni. Alkali ya potasiamu haitumiki betri inapofanya kazi, hivyo kipimo hakikuambii kama imejaa au tupu. Wanaoogopa kutu nao watulie: chuma kugeuka haidroksidi ndiko kunakotoa umeme, na ukichaji kinarudi kuwa chuma. Inverta ya zamani ndiyo ya kuangalia. Wakati wa kuchaji, seli 40 kwa volti 1.65 ni volti 66, na inverta nyingi za 48 hujizima kabla ya hapo.

Wapo pia wanaosema ni vitu vya makumbusho. Mtafiti Fokko Mulder na wenzake wa chuo kikuu cha Delft, Uholanzi, walichapisha mwaka 2017 kifaa kinachochajiwa kama betri hii, kikijaa kinaendelea kusukumiwa umeme ili haidrojeni ivunwe. Kundi la mtafiti Narayanan wa Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani, lilikwenda njia ya pili: liliongeza salfaidi ya bismuthi kwenye chuma safi, gesi ikapungua mara kumi. Hakuna kati yao aliyejifanya gesi haipo.

Kwa nyumba ya shamba inayotembelewa mara mbili kwa mwaka, paneli zikichaji kila siku bila mtu wa kuongeza maji, mimi nafunga lithiamu.