Topolojia si topografia, na mwanatopolojia anakijua kikombe chake

Maswali kuhusu topolojia, tawi la hisabati linalochunguza sifa za maumbo zisizobadilika yanapovutwa au kupindwa, yanayofika kitengoni kwetu yameongezeka, hasa tangu neno hilo lilipoingia kwenye habari za Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 2016, waliyopewa Thouless, Haldane na Kosterlitz. Tunawashukuru wote wanaouliza. Hata hivyo, mengi ya maswali hayo yanaanza na dhana isiyo sahihi.

Wengine hudhani topolojia ni topografia. Topografia hupima milima na mabonde. Sisi hatupimi kimo cha kitu chochote. Jina topolojia lilitumiwa na Johann Benedict Listing katika maandishi yake ya mwaka 1847, na tofauti ya mambo haya mawili tumeieleza mara nyingi mno.

Halafu kuna ule utani kwamba mwanatopolojia hawezi kutofautisha kikombe na donati. Anaweza. Anachodai ni kwamba kimoja kinaweza kugeuzwa kuwa kingine kwa kufuata utaratibu maalumu, nao ni huu. Unaruhusiwa kuvuta, kubana, kupinda na kukunja kwa kiasi chochote. Huruhusiwi kutoboa, kuchana, wala kugandisha sehemu zilizokuwa mbalimbali, isipokuwa umechana kisha ukarudisha kila nukta jirani na nukta zilezile ilizokuwa nazo. Shimo la kinywaji halihesabiki, kwa kuwa halitokei upande wa pili. Tundu la mkono wa kikombe linahesabika.

Anayekiuka utaratibu huu hukamatwa na hesabu. Mchemraba una vipeo 8, kingo 12 na nyuso 6. Toa kingo kwenye vipeo, jumlisha nyuso, utapata 2. Piramidi yenye kitako cha mraba ina vipeo 5, kingo 8 na nyuso 5. Jibu ni 2 vilevile. Vimbisha mchemraba uwe tufe, jibu halibadiliki. Lakini toboa tundu moja kutoka upande huu hadi ule, gawa upya nyuso ili pasiwe na uso wenye tundu ndani yake, kisha hesabu: jibu limeshuka hadi 0. Kwa hiyo si kweli, kama wengine wanavyotuandikia, kwamba katika topolojia kila kitu ni sawa na kila kitu. Tufe na donati havitakuwa sawa kamwe.

Wanahisabati wenyewe hawaitazami topolojia kwa jicho moja. Kwa mtu wa uchanganuzi, yaani hisabati ya mipaka na mabadiliko yasiyokatika, ni lugha ya kila siku, njia ya kuzungumzia ukaribu bila rula. Kwa mtu wa aljebra ni kazi ya kuhesabu matundu, hata katika maumbo ambayo hakuna anayeweza kuyachora. Mafundi wa mitandao ya kompyuta huitumia kueleza nini kimeunganishwa na nini. Matumizi hayo ni halali, tena yako karibu na chimbuko: mwaka 1736 mwanahisabati Euler alipochambua kama mtu anaweza kuyavuka madaraja saba ya mji wa Königsberg, kila moja mara moja tu, urefu wa madaraja haukuwa na maana yoyote.

Wanaosema haina kazi waiangalie fizikia. Katika tabaka jembamba sana la mata, penye baridi kali na sumaku yenye nguvu, upitishaji wa umeme hupanda kwa hatua za namba kamili. Thouless na wenzake walionyesha kwamba namba hizo ni za kitopolojia, kama ile ya kuhesabu matundu. Namba kamili haiwezi kusogea kidogokidogo, ndiyo maana uchafu ndani ya mata hauiyumbishi. Mimi binafsi sijaona jambo zuri kuliko hilo katika taaluma hii.

Mwisho, kwa wanaotutumia uthibitisho wa dhana ya Poincaré ya mwaka 1904, dai kuhusu namna ya kulitambua tufe la vipimo vitatu, wakiomba dola milioni moja: ilithibitishwa na mwanahisabati Grigori Perelman katika maandishi ya mwaka 2002 na 2003, na mwaka 2010 aliikataa fedha hiyo. Dhana hiyo ilikuwa mojawapo ya matatizo saba ya hisabati ambayo Taasisi ya Clay iliahidi dola milioni moja kwa jibu la kila moja; sita bado yako wazi. Jibu huchapishwa kwanza katika jarida linalohakikiwa na wataalamu, hupita angalau miaka miwili, na sharti likubalike kwa wanahisabati kwa jumla. Kitengo chetu hakina mamlaka ya kupokea maombi hayo.